Malalamiko Dhidi ya Geti Lililofungwa Kwenye Maiki Yangu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wanaredio wa Ridhaa.

YAH: GETI LA KELELE, NA MADHARA YAKE KWA SAUTI YANGU, KURA YANGU NA KAKA YANGU

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu, na kama umesimama, tafadhali kaa, maana barua hii ni ndefu. Nimeiandika kwa mkono badala ya kuisema hewani Jumamosi kama ilivyo desturi yetu. Nikiisema hewani utapata nusu yake tu, na itakuwa ile nusu isiyotakiwa.

Mimi ni yule mwanachama mnayemwita Mnong'ono. Jina hilo sikujipa. Nilikuwa mkutubi kwa miaka thelathini na mmoja, na mtu akikaa maktaba muda wote huo akiwaambia wenzake "shh", sauti yake mwenyewe huingia ndani na haitoki tena. Hata nikijigonga nyundo kidoleni nasema "aa" kwa adabu. Nilipostaafu nikasema sasa nitaongea. Ndiyo maana nikajiunga na Chama: mtu mwenye sauti ndogo akikaa mbele ya redio, mitambo inambebea. Nilidhani hivyo.

Kwa kuwa naomba barua hii isomwe mbele ya mkutano, na mkutanoni huja pia wake na waume za wanachama wasiojua mambo yetu, naomba nieleze kidogo. Redio zetu hazifanani na simu. Huwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Ukibonyeza kitufe cha kwenye maiki unasema, ukikiachia unasikiliza. Kila Jumamosi saa kumi jioni Mwenyekiti anatuita mmoja mmoja, kila mtu anajibu alipo, na wote tunasikilizana. Basi. Huo ndio uhalifu wetu mzima.

Sasa, wiki saba zilizopita nilipokea barua ya Kamati, yenye mhuri, ikinijulisha kwamba matangazo yangu yanaambatana na "kelele za kinyumbani zisizoendana na hadhi ya Chama". Sikukataa. Mke wangu ni fundi cherehani na meza yake iko nyuma ya kiti changu, kwa sababu sebule ni moja na dirisha lenye mwanga ni moja. Upande wa pili wa ukuta kuna karakana ya jirani yetu mchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima tunamwita Cheche. Kwa hiyo nikisema habari za jioni, nasindikizwa na cherehani mkono wa kulia na msumeno wa chuma mkono wa kushoto. Hilo nalikiri.

Kamati ikamtuma Fundi Mitambo. Alikuja Jumanne mchana na kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kina virungu vitatu vya kuzungusha na taa nyekundu. Akasema kinaitwa geti. Kinakaa katikati ya maiki na redio. Sauti ikiwa ndogo kuliko kiwango ulichoweka, geti linafunga na hakuna kinachopita. Ukianza kusema, linafunguka. Aliniambia, "Mzee wangu, nyamaza kidogo." Nikanyamaza, hiyo kazi naiweza. Akazungusha kirungu cha kwanza taratibu mpaka mvumo wa nyumba ukapotea kabisa. Kisha akasema, "Haya, ongea kama unavyoongea siku zote," akarudisha kirungu nyuma unywele mmoja hivi, ili nisikatwe. Kirungu cha pili, alisema, ni cha kuamua geti lifunguke upesi kiasi gani, na cha tatu ni cha kuamua libaki wazi muda gani mtu akivuta pumzi. Tukajaribu. Kweli, nilipokuwa nikisikiliza kwa spika za masikioni, nyumba yangu ilikuwa kimya kama maktaba. Nilimpa mkono, nikamsindikiza hadi barabarani. Naandika haya ili ijulikane kwamba sikuwa na chuki na geti tangu mwanzo.

Yaliyofuata nayaorodhesha hapa chini.

1. Geti linamzuia mwenye nyumba. Tangu Jumamosi ile ya kwanza, mkianza kuniita, majibu yenu ni yaleyale: "Mnong'ono, umekatika." "Mnong'ono, rudia." "Mnong'ono, tumepata mwisho tu." Mjumbe mmoja aliniuliza kama nasemea ndani ya pipa linalofunikwa na kufunuliwa. Nimeishi kwenye nyumba zenye mageti, Mheshimiwa, na nimewaona walinzi wa kila aina, lakini sijapata kumwona mlinzi anayemfungia nje mwenye nyumba tena akiwa na funguo mkononi.

2. Geti linampitisha Cheche. Hili ndilo linaloniumiza zaidi kuliko la kwanza. Tuliambiwa kifaa hiki kinazuia kelele. Jumamosi ya pili, nilipokuwa nikieleza hali ya antena yangu, Cheche alianza kukata bomba. Mlimsikia wote. Katibu wa Chama akasema hewani kwamba mlio ule ulikuwa "safi sana". Sijawahi kuambiwa mimi kuwa ni safi sana. Nimekuwa mwanachama miaka tisa, nimesoma vitabu, nimefanya mtihani, nina leseni ukutani kwenye fremu. Cheche hana leseni hata ya baiskeli.

3. Geti linampitisha mke wangu. Hapa naomba nieleweke. Sina tatizo na sauti ya mke wangu. Nimeisikiliza miaka thelathini na minne na bado tunaishi pamoja. Tatizo ni kwamba sasa mnaisikiliza ninyi. Jumamosi ya tatu, nikiwa nimeshika kitufe natafuta neno, yeye akawa anamwambia mteja wake, "Suruali hii ukikata zaidi ya inchi mbili utaivaa mwenyewe na mwanao." Mnakumbuka kilichotokea. Mjumbe wa upande wa mashariki aliingia hewani, hakuniuliza habari yangu, hakunisalimu, akasema, "Shikamoo mama. Na ikiwa kitambaa kinavutika?" Mke wangu akajibu akiwa palepale mezani kwake, hakuinuka hata kitini. Mazungumzo yalichukua dakika kumi na moja. Mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza na kuachia.

3(b). Tangu siku hiyo, mkiniita, mnauliza kwanza, "Mama yupo?" Mwenyekiti, nawe umo. Uliuliza kuhusu zipu.

4. Geti linakula mwanzo wa maneno. Huyu aliyebuni kifaa hiki sidhani kama aliwahi kuuliza sisi tunavyozungumza. Sisi kukataa kwetu tumekuweka mwanzoni mwa neno, tena kwa herufi chache sana. Ukikata kichwa cha neno, "sitaki" inabaki "taki", na "hatukubali" inabaki "tukubali". Mtu mwenye sauti kubwa anaweza kumudu. Mtu wa aina yangu anaamka asubuhi akiwa amekataa mambo matano na jioni anakuta ameyakubali yote. Hivi ndivyo nilivyojikuta nimejitolea kupanda juu ya paa la ofisi ya Chama kusafisha antena, wakati nina goti lisilokunjika. Nilisema sitaweza. Nilipanda. Nilishushwa na watu wawili na ngazi.

Na hivi ndivyo ilivyotokea lile la Katibu. Siku hiyo Katibu alikuwa ana homa, mkewe akanituma niwaarifu. Nikasema, kwa sauti yangu na kwa nia njema kabisa, "Katibu hawezi." Mlichosikia ni "Katibu… wezi." Kikafuata kimya ambacho nilikisikia hadi kwenye mifupa. Kisha mjumbe mmoja akauliza, taratibu, "Wako wangapi?" Nami, nikidhani anauliza wanaoumwa nyumbani kwa Katibu, nikasema wawili, yeye na mama mkwe wake. Nimekwisha kwenda kumwomba radhi Katibu. Amenisamehe. Mama mkwe bado.

5. Geti limepiga kura badala yangu. Kwenye uchaguzi wa mwezi uliopita uliofanyika hewani, nilipoitwa nilisema waziwazi, "Siungi mkono." Kwenye kumbukumbu za Chama imeandikwa kuwa naunga mkono. Mheshimiwa, ulishinda kwa kura moja. Nasema hivi bila kinyongo, kwa kuwa nakuheshimu na hata ningepewa nafasi ya pili ningekukataa kwa heshima ileile.

6. Geti halirekebishiki. Msidhani nimekaa tu nikilalamika. Nimejaribu. Kirungu cha kwanza nimekizungusha mpaka mwisho kulia, ambako Fundi alisema hata kelele ya ngoma haitapita, na Cheche akapita. Nimekizungusha mpaka mwisho kushoto, ambako alisema hata pumzi ya sisimizi itapita, na mimi sikupita. Kirungu cha pili na cha tatu nimevipeleka huku na huku mpaka rangi ya namba imefutika kwa vidole vyangu. Hakuna badiliko hata chembe. Sijawahi kuona kifaa chenye msimamo kiasi hiki. Kamati yenyewe ingejifunza kwake.

7. Geti limeniharibia jina mtaani. Nilipoona kurekebisha kumeshindikana, nikaona dawa ni kupaza sauti. Nikawa najizoeza kila siku mchana nikiwa peke yangu sebuleni. Mtu aliyenyamaza miaka thelathini hajui aanzie wapi, kwa hiyo nilianza na sentensi niliyoizoea kazini: "Tafadhali rudisha kitabu!" Naipiga kwa nguvu zote. Siku ya tatu mama muuza dawa wa duka la kona alimvuta mke wangu pembeni, akamwuliza kama kuna amani nyumbani, na kama ni kweli tunagombana kwa sababu ya vitabu. Cheche naye alizima mashine yake kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, akaja mlangoni na miwani yake ya kuchomelea usoni, akasema, "Mzee, samahani, mbona makelele?" Cheche. Aliniuliza mimi.

8. Kaka yangu.

Hili nimeliacha la mwisho, na nimelianza mara nne na kuchana karatasi.

Wote mnamfahamu kaka yangu, yule mpima ardhi mstaafu anayejibu kila Jumamosi kutoka kule mbali, siku mbili kwa basi kutoka kwangu. Yeye ndiye aliyenitia kwenye redio. Msichokifahamu ni kwamba kwa miaka sita hatujaongea. Nikimpigia simu anakata. Nikimwandikia barua inarudi ikiwa imefungwa vilevile. Hewani tu ndiko asikoweza kunikata, kwa sababu yeye ni mtu wa kanuni, na kanuni ya Chama inasema mwanachama akiitwa lazima ajibu. Basi kila Jumamosi, nikishajibu mimi, Mwenyekiti unamwuliza kama amenisikia, naye anasema, "Nampata vizuri. Ova." Ova maana yake amemaliza kusema. Ni hayo tu. Kwa miaka sita nimeishi kwa maneno hayo matatu. Kuna Jumamosi nyingine nilikuwa nikiwasha redio kwa ajili ya hayo tu, mengine yote mliyokuwa mkisema yakinipita.

Sababu ya ugomvi ni redio ya marehemu baba yetu, ile ya sanduku la mbao. Baba alipofariki, kaka aliniachia niitunze, kwa vile yeye alikuwa akizunguka na kazi. Mimi nikaifungua. Nilitaka kipuri kimoja tu, nikitie kwenye redio yangu ya kwanza niliyokuwa nikiiunda, kisha niirudishe kama ilivyokuwa. Kipuri kilivunjika. Nikafungua zaidi nione kama naweza kukitengeneza, na kadiri nilivyofungua ndivyo nilivyozidi kupotea. Kaka alipokuja kututembelea aliikuta redio ya baba kwenye beseni, vipande vipande, imefunikwa na kanga. Hakunitukana. Aliangalia beseni, akaniangalia mimi, akachukua begi lake ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa, akaondoka.

Wiki nne zilizopita nilimwomba msamaha hewani, mbele yenu wote, mahali asipoweza kukata. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi na kuyarekebisha siku kumi na moja. Yalikuwa machache: "Kaka, kosa ni langu, si lako. Sikukusudia kuiharibu redio ya baba. Naomba unisamehe." Nilivaa shati la mikono mirefu, ingawa najua hewani halionekani. Nikasogeza maiki karibu mpaka ikagusa meno. Nikasema yote. Nikamaliza. Nikasubiri.

Katibu hurekodi mikutano yetu, naye alipopona alinisikilizisha. Yaliyofika kwa kaka yangu ni haya, nayaandika kama yalivyo:

"Kaka, kosa ni… lako… kusudia kuiharibu redio ya baba. Naomba…"

Hapo panaingia sauti ya mke wangu, safi, kubwa, akimwambia mteja aliyetoka kukanyaga matope:

"…utoe hivyo viatu vyako hapo mlangoni!"

Mheshimiwa Mwenyekiti, ulimwuliza kaka kama amenisikia. Mnakumbuka alivyojibu. Alisema, "Nimemsikia," akazima. Jumamosi iliyofuata ulimwita mara tatu, hakujibu. Iliyofuata hivyo hivyo. Wiki iliyopita ulimwita mara moja tu, ukaendelea na anayefuata. Mimi nilikuwa nimekaa na spika masikioni, nikasikia ile nafasi mliyompa, ilikuwa kama pumzi mbili, halafu ikafungwa na jina la mtu mwingine.

Yeye ana miaka sabini na minne. Mimi sina kaka mwingine.

Kutokana na hayo yote, naomba Chama kitekeleze yafuatayo bila kuchelewa:

(a) Mageti yote yaondolewe kwenye maiki za wanachama wote, yakusanywe, na yakabidhiwe kwa Cheche, ambaye atajua la kuyafanya.

(b) Kila nilichosema tangu siku geti lilipofungwa kihesabiwe kuwa hakikusemwa, na kila kisichosikika kihesabiwe kuwa kilisemwa.

(c) Uchaguzi urudiwe.

(d) Fundi Mitambo aagizwe kumwomba mama mkwe wa Katibu radhi kwa niaba yangu, kwa kutumia geti, ili aone.

(e) Wanachama wenye sauti ndogo tutengewe dakika kumi kila Jumamosi ambazo hakuna mwingine ataruhusiwa kubonyeza kitufe, hata kama hatutasema kitu. Hasa kama hatutasema kitu.

(f) Chama kimwandikie kaka yangu barua rasmi yenye mhuri, ikithibitisha kwamba maneno "langu", "si", "siku" na "unisamehe" yalitamkwa na mwanachama wenu kwa akili timamu, lakini yakazuiliwa njiani na kifaa cha Kamati. Barua hiyo iambatane na saini yako na ya Katibu. Viatu vitajwe pia, kwamba havikuwa vyake.

Nikijibiwa ndani ya siku kumi na nne nitashukuru. Nisipojibiwa, nitalazimika kulifikisha suala hili mamlaka za juu. Bado natafuta ni zipi.

Nisalimie wajumbe wa Kamati mmoja mmoja, kwa vyeo vyao. Msalimie Katibu, na umwambie naendelea kusikitika. Nisalimie mjumbe wa mashariki. Suruali yake mke wangu anasema atumie uzi wa kuvutika. Msalimie hata Fundi Mitambo, ingawa salamu hizi ni za shingo upande. Nisalimie mama wa nyumbani kwako na wajukuu, na mumpe pole yule aliyeota meno.

Ni mimi, mwenye sauti ndogo na hoja kubwa,

Mnong'ono
Mkutubi mstaafu
Mwanachama namba 17

Nyongeza: Mheshimiwa Mwenyekiti, nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, ndiyo maana karatasi imekunjamana.

Mke wangu aliniona nimeandika tangu asubuhi, akataka kujua kuna nini. Nikamsomea. Namba tatu alicheka mpaka akashika meza. Namba saba alitoa machozi. Nilipofika namba nane aliacha kucheka, akaweka mkasi chini, akasikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Baba, hilo geti nililizima mimi."

Nikamwuliza lini. Akasema siku ileile, nilipokuwa namsindikiza Fundi barabarani. Kumbe kisanduku kina swichi mgongoni. Ukiishusha, sauti inapita pembeni kana kwamba kisanduku hakipo. Taa inabaki inawaka vilevile. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Shemeji hajakanyaga hapa miaka sita. Nikaona angalau Jumamosi asikie kwamba nyumba bado ina watu. Mkishazima na sauti hizo, atabaki anasikia nini?"

Kwa hiyo, Mheshimiwa, geti halijawahi kunizuia hata neno moja. Nikasema haiwezekani, maneno yalikatika, Katibu anayo kwenye rekodi. Mke wangu akasema, "Yalikatika, ndiyo. Mimi nakaa nyuma yako kila Jumamosi, nakuona. Tangu uletewe hicho kisanduku umekuwa na hofu, unaanza kusema kabla hujabonyeza sawasawa. Na ukifika kwenye neno zito, kidole kinaachia chenyewe. Ukishalisema unabonyeza tena."

Sikubishana. Nilikiangalia kidole gumba changu kama mtu anayemtazama ndugu aliyemsaliti.

Kaka huwa anawasha redio kila siku saa kumi jioni, hata siku zisizo za mkutano. Wote mnajua, hajibu lakini yupo. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Mke wangu akavuta kiti chake karibu na changu, akaweka kidole chake juu ya kidole changu, akakandamiza kitufe, wala hakukiachia. Nilimwita kaka. Nikasema yale niliyoandika, na mengine ambayo sikuyaandika. Nilisema kuhusu kipuri, kuhusu beseni, kuhusu kanga. Kila nilipofika mahali pa kukimbia, kidole cha juu kilikuwepo. Sijui nilisema kwa muda gani. Alipokiachia, kidole changu kilikuwa kimekufa ganzi.

Nilisikiliza. Mvumo wa mawimbi tu. Cheche alikuwa ametoka.

Halafu kaka akasema, "Nimekupata. Kila neno."

Kisha akauliza kama vile vipande bado ninavyo. Nikamwambia ninavyo, vyote, nimevitia kwenye makopo na kuvibandikia namba, kama vitabu. Akasema, "Njoo navyo. Mimi nina michoro yake." Kumbe miaka yote hii michoro ya redio ya baba anayo yeye. Mimi sikujua. Sikuwahi kuuliza.

Nilibonyeza kitufe, na kilichotoka hakikuwa maneno.

Aliporudi hewani alisema, kwa ile sauti yake ya kutoa amri ya kupima mashamba: "Sasa sikiliza. Chama chetu hakina kifaa cha kuzuia kelele? Maana hayo makamasi yako yamenipasua masikio."

Kwa hiyo naomba malalamiko yote yaliyomo humu yasisomwe mbele ya mkutano, na maombi yote kuanzia (a) mpaka (f) yafutwe. Badala yake naomba Fundi Mitambo aje aliwashe geti na kuliweka sawa, kiwango cha juu kidogo kuliko mwanzo. Mke wangu amekubali. Afike kabla ya Jumamosi tafadhali, kwa sababu kaka ameahidi kurudi hewani, na mimi bado sijamaliza kulia.